Iringa hadi Arusha kwa baiskeli: pima njia kabla ya kupima mzigo

Kila ukikaribia mwezi Juni, vijana wanaotaka kusafiri mbali kwa baiskeli huniuliza swali lile lile: nibebe nini? Nami huwauliza: njia yako ikoje? Mtu asiyejua umbali kati ya kisima na kisima, gesti na gesti, fundi na fundi, hana kipimo cha mzigo wake isipokuwa hofu. Hofu ndiyo inayomfanya abebe jiko la gesi kupita kwenye vijiji ambako mama ntilie hakosekani, kisha asahau tyubu ya akiba. Mzigo wa safari ndefu hupangwa kwa kuangalia mapengo ya njia: hapa hakuna maji kwa saa tatu, hapa hakuna duka la baiskeli mpaka keshokutwa. Unabeba kinachojaza pengo kubwa kuliko yote, mengine unayaacha nyumbani.

Nitachukua njia moja ninayoipenda, ile ya Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati hadi Arusha. Ni sehemu ya ile barabara ndefu ya Cape Town hadi Cairo ambayo wazee waliifahamu kwa vumbi lake. Siku hizi ni lami. Iringa hadi Dodoma ni kilomita 260, Dodoma hadi Babati ni 251, na Babati hadi Arusha ni kama 170. Jumla haipungui sana 680. Barabara ya Iringa na ile ya Babati zote mbili zilizinduliwa mwaka 2018, na tangu hapo mpanda baiskeli wa kawaida, mwenye baiskeli ya kawaida, anaweza kuimaliza njia hii kwa siku nane au tisa bila kujiua.

Wengi walioko Dar es Salaam hufikiria kwanza barabara ya Morogoro. Siishauri. Malori ya Tunduma hayakatiki, na kwa kilomita 50 barabara hiyo inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako simba na tembo hawana uzio. Panda basi mpaka Iringa, baiskeli iwe kwenye buti. Legeza usukani uugeuze ulale sambamba na fremu, vua pedali, punguza upepo kidogo, funika cheni kwa gunia ili usichafue mizigo ya wenzako, kisha elewana na kondakta nauli ya mzigo kabla ya gari kuondoka.

Kwa nini kuanzia Iringa na siyo Arusha? Sababu ni upepo. Kuanzia Juni kusi huvuma pwani, na huku bara, hasa uwanda wa Dodoma, upepo huo hutoka kusini-mashariki na kukazana kadiri jua linavyopanda. Anayekwenda kaskazini unampiga mgongoni au ubavuni; anayekwenda kusini anaupokea kifuani siku nzima. Msafara wa Tour d'Afrique, ambao tangu mwaka 2003 huwaleta wapanda baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town kupitia nchini mwetu, unashuka kusini, lakini wale mizigo yao inabebwa na malori. Wewe malori huna. Tena Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na bonde la Mtera liko karibu mita 700. Siku ya kwanza, miguu ikiwa bado haijazoea uzito, unateremka milima ya Nyang'oro badala ya kuipanda.

Kuhusu majira, kati ya Machi na Mei kuna masika Arusha, na Dodoma hupata mvua yake ya mwaka, ambayo haifiki milimita 600, kati ya Desemba na Aprili. Oktoba na Novemba joto la uwanda wa kati linachosha mno. Mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai ndio wakati wangu: anga kavu, mchana unavumilika, na mavuno yamekwishaingia kwa hiyo chakula njiani kipo. Ila Iringa na Arusha ni baridi asubuhi, na sweta si anasa.

Sasa chukua karatasi uandike mapengo. Iringa hadi Migori ni kilomita 95. Migori hadi Fufu ni 94. Fufu hadi Dodoma ni 71. Hizo ni siku tatu zilizokwisha kupangika, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao ndio mwendo wa kweli wa baiskeli yenye mzigo. Katika hizo tatu, ya pili ndiyo ya kuogopwa kwa heshima. Unavuka bwawa la Mtera, ambapo maji ya Ruaha Mkuu huzalisha umeme, unakula perege wa kukaanga, kisha unaanza kupanda taratibu kuelekea Fufu kwenye nchi ya mibuyu na migunga ambako kivuli ni cha kutafuta. Bwawani usiingie kuoga; kuna mamba na viboko. Vijiji vipo njiani, lakini mwezi wa saba visima vingine vimekwishapungua, na duka linaweza kuwa limefungwa kwa sababu mwenye duka yuko msibani. Kwa hiyo pengo la maji la njia nzima ni hili la Mtera hadi Fufu, na ndilo linaloamua uwe na vyombo vya maji vya ukubwa gani.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu anayekanyaga juani hupoteza kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Pengo la saa tatu linataka lita tatu, na moja ya akiba kwa ajili ya pancha au mlima. Ukiondoka Mtera uwe na lita nne. Ukikaribia Dodoma, lita mbili zinatosha, kwa hiyo mwaga zilizobaki au mpe mtu: lita moja ni kilo moja, na huna haja ya kuipandisha mlima bure. Beba vidonge vya kutibu maji. Beba pia chumvi kidogo na sukari. Vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja ya maji safi ni dawa ya tumbo la kuendesha na ya uchovu wa jasho, na hospitali haiko jirani.

Baada ya Dodoma mapengo yanakuwa mafupi. Unatoka kupitia Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, unafika Mayamaya baada ya kilomita 44, unalala Chemba, kesho yake unaingia Kondoa mapema. Hapa naomba uweke siku moja ya ziada kwenye ratiba yako. Ndani ya makorongo ya Kondoa kuna historia kubwa: ardhi ililiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 ng'ombe na mbuzi wote wakahamishwa kutoka eneo lililoharibika ili miti irudi. Kaskazini kidogo, pale Kolo, ndiyo lango la michoro ya miambani ambayo UNESCO iliitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baiskeli unaiacha kwenye ofisi ya mambo ya kale, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji na kupanda kwa miguu. Anayepita Kolo bila kusimama kwa sababu ratiba yake haina nafasi ameipanga safari vibaya. Kutoka hapo unapanda kuelekea Bereko, na baada ya kupanda kwa subira unateremka Bonga hadi Babati.

Pengo la mwisho ni la aina nyingine. Kati ya Magugu na Makuyuni, eneo la Kwakuchinja na Minjingu, barabara inakata ushoroba wa wanyama wanaohama kati ya Tarangire na Manyara. Pundamilia ni kitu cha kufurahia. Tembo si wa kufurahia ukiwa juu ya baiskeli. Pita hapo kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, usipite alfajiri wala magharibi, na waulize wenyeji kabla ya kuingia. Wakikuambia tembo wameonekana karibu na barabara, simamisha gari la mizigo uombe lifti. Hakuna atakayekudai zile kilomita ishirini.

Sasa ndipo tunaweza kuzungumzia baiskeli yenyewe. Katika njia hii swali la kwanza ni: ikiharibika Migori, itatengenezwa na nani, kwa kifaa gani? Kila kijiji kina fundi wa Phoenix, na kila mji una tyubu za inchi 26 za baiskeli za milimani. Tairi za inchi 29, ambazo wauzaji wa mjini wanazisifu sana, hutazipata kati ya Iringa na Dodoma. Wala usidhani tairi la 28 la Phoenix litaziba nafasi. Namba zinadanganya, maana rimu ya Phoenix ni milimita 635 na ya 29 ni 622. Litapwaya tu, halishiki rimu. Ushauri wangu ni baiskeli ya 26 yenye fremu ya chuma, ambayo mchomeleaji yeyote anaweza kuiunga, na breki za waya badala ya zile za mafuta. Tyubu ziwe na valvu nene kama ya pikipiki, ili pampu ya fundi wa bodaboda ikufae.

Mwenye baiskeli ya 29 asikate tamaa. Abebe tyubu tatu badala ya mbili na tairi moja la akiba linalokunjika. Hilo ndilo pengo lake, na atalilipia kwa uzito.

Miiba ndiyo adui wa kila siku. Mara nyingi pancha haipatikani kwenye lami. Inapatikana unapoisukuma baiskeli pembeni kutafuta kivuli, na mbigili zikajipanga kwenye tairi kama vifungo. Ukitaka kupumzika, inyanyue baiskeli uibebe, usiiburute. Na kabla ya kupanda tena, pitisha kiganja chenye glovu juu ya tairi zote mbili.

Nilikuwepo siku kijana mmoja alipompelekea fundi mzee baiskeli yake pale Kihesa, Iringa, kesho yake aondoke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda wapi na mzigo wote huo?"

"Arusha."

Mzee hakusema kitu. Alishika baiskeli kwa tandiko, akainyanyua gurudumu la nyuma kiasi cha shubiri moja, akaiachia. Ikatua, na pamoja na kishindo kikasikika kitu kidogo kikilia. Akairudia mara ya pili, sikio likiwa karibu na keria. "Hiyo ni boliti ya keria," akasema. "Hapa inalia tu. Mtera itadondoka." Akaitoa, akatia washa ya springi na nati mpya, akafanya hivyo kwenye boliti zote nne, kisha akaidondosha tena. Kimya. Jaribu hilo la kudondosha lifanywe na kila msafiri, baiskeli ikiwa na mzigo wote juu yake, wiki moja kabla ya kuondoka.

Kuhusu mifuko, wazungu wanaosafiri hivi hutumia mifuko mitatu inayofungwa moja kwa moja kwenye baiskeli: mmoja chini ya tandiko, mmoja ndani ya pembetatu ya fremu, mmoja mbele ya usukani. Ni mfumo mzuri kwa njia za milimani zenye mawe. Kwa lami yetu mimi nasimama na keria. Ila ule mfuko wa fremu nauchukua kwa mikono miwili, na huhitaji kuuagiza ng'ambo. Kata boksi kwa umbo la pembetatu ya fremu yako, ukiacha nafasi ya kidole kimoja kila upande, umpelekee fundi anayeshona siti za bodaboda. Ana ngozi bandia, ana uzi mnene, ana cherehani inayopenya. Mwambie upana usizidi vidole vinne, la sivyo magoti yatasugua siku nzima. Zipu iwe nene, kama ya begi la shule, na mikanda ya kufungia iwe minne.

Ndani ya mfuko huo weka vizito vyote: tyubu mbili, viraka, solusheni, msasa, vijiti vya kutolea tairi, spana ya 15, spana ndogo za umbo la L, plaiza, kifaa cha kukatia cheni na kiungo chake cha akiba, waya wa breki, raba za breki, na kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kidole cha kuwekwa ndani tairi likichanika. Spoku tatu zifunge kwa utepe kwenye fremu. Kichupa cha mafuta ya cherehani kinatosha kwa cheni. Kila asubuhi ipanguse vumbi kwa kitambaa, tia tone kwa kila kiungo, futa yanayobaki. Uzito ukikaa katikati na chini, baiskeli inatii. Ukirundika kila kitu nyuma, mlimani gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba.

Kwenye keria weka nguo na chandarua. Namna ya kuzifunga tujifunze kwa wauza mkaa. Mtazame mmoja wao kwa makini: hatumii kamba. Anatumia mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili. Anaupitisha chini ya keria, anauvuta mpaka unakonda nusu ya upana wake, anaukatisha juu ya gunia, anauvuta tena, na mwisho anauchomeka chini ya mzunguko wake wenyewe. Kamba hulegea gunia likishuka kidogo. Mpira hushuka nalo. Beba mipira miwili ya ziada, kwa sababu jua huipasua.

Hema mimi siliweki. Kwenye njia hii kila kituo nilichokitaja kina gesti au mtu wa kukupokea, mradi ufike mchana, uende kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, ujitambulishe na uonyeshe kitambulisho. Nimeona wasafiri wakilala madarasani wakati wa likizo, na kwenye nyumba za wageni za makanisa na misikiti. Chandarua chenye dawa ndicho usikiache, hasa kwa usiku wa Migori na Mtera penye mbu wengi.

Nguo ziwe chache kuliko unavyodhani. Mwaka 1884 Thomas Stevens alipoondoka San Francisco juu ya baiskeli ya gurudumu kubwa mbele, akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, alibeba soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo pia lilikuwa hema na kitanda chake, na bastola. Mtu huyo huyo alifika kwetu Afrika Mashariki mwaka 1889 akitumwa na gazeti la New York kumtafuta mvumbuzi Stanley. Sisi hatuhitaji bastola, lakini ile akili ya kitu kimoja chenye kazi nne tunayo tangu zamani: kanga. Ni taulo, ni shuka, ni kivuli, ni pazia la kubadilishia nguo. Mwanamume achukue kikoi. Ongeza kaptula mbili zenye sponji ambazo unafua moja kila jioni, fulana mbili nyepesi zenye mikono mirefu, suruali moja ya kuingilia mjini na msikitini au kanisani, sweta, kandambili, na kofia yenye ukingo wa mbele, kwa kuwa mwezi Julai jua la mchana liko upande wa kaskazini na utakwenda ukilitazama. Mafuta ya mgando yapakwe kila asubuhi sehemu zinazogusa tandiko. Ni aibu ndogo inayookoa safari nzima.

Chakula nakipitia haraka kwa sababu hakina pengo. Supu na chapati asubuhi, wali maharage mchana, na mfukoni karanga, tende na kashata za kula kila saa kabla njaa haijakushika. Fedha weka noti ndogo za siku mbili. Nyingine ziache kwenye simu, mawakala wapo kila senta. Pakua ramani kabla ya kutoka, na uwe na betri ya akiba moja.

Vitu vya usalama havijadiliwi: kofia ngumu, taa nyekundu ya nyuma inayowashwa hata mchana, kizibao cha kuakisi mwanga na kioo cha pembeni. Kioo hicho ni muhimu kuliko vifaa vingi vya bei mbaya, kwa sababu basi linalotoka nyuma likikutana na lori mbele yako, dereva hatapunguza. Wewe ndiye utakayeshuka kwenye changarawe mapema. Usiendeshe usiku hata kama kimebaki kijiji kimoja.

Mzigo wote, bila maji, upime kwenye mizani ya duka. Ukizidi kilo 12, toa kitu. Kisha fanya safari ya majaribio: anayeishi Dar es Salaam aende Bagamoyo na mzigo kamili, alale, arudi kesho yake. Kila kitu ambacho hakikutumika na si cha dharura kibaki nyumbani. Miezi miwili kabla, anza na kilomita 30 kila Jumamosi, uongeze kumi kila wiki.

Mwisho, andika ratiba yako kwenye karatasi: kila kituo, kila tarehe, rangi ya baiskeli, kundi lako la damu, na dawa unazotumia kama zipo. Mwachie mtu mmoja anayejua kushika ahadi, mkubaliane utampigia kila siku kabla ya saa mbili usiku. Usipopiga, apige simu gesti ya kituo hicho. Akikosa jibu, apige polisi kwa 112. Ukimpata mtu huyo, nunua tiketi ya Iringa.